Picha ikishachorwa, nani anakaa kusikiliza?

Hapa Kigoma tumezoea kuona michoro ya watoto wa kambi za wakimbizi. Hubandikwa kwenye kuta za ofisi za mashirika, hutiwa kwenye kalenda za mwisho wa mwaka, huoneshwa wageni wanaoshuka na ndege leo na kuondoka keshokutwa. Nyumba inawaka, askari ana bunduki ndefu kuliko yeye mwenyewe, mama kalala chini. Wageni wanatikisa kichwa, wanapiga picha, basi. Ukiuliza aliyechora yuko wapi, na nani alikaa naye baada ya kuiweka penseli mezani, utaambiwa shughuli ilifanyika na ripoti ilishatumwa.

Nimefanya ukalimani wa Kirundi na Kiswahili kwenye vyumba vya ushauri nasaha, kwa hiyo nayasema haya kama mtu aliyekuwa amekaa pale kwenye kiti cha tatu. Mtu aliyepitia mikasa ukimpa rangi ukamwacha, umemliwaza kwa saa moja. Ukimkalisha mbele ya meza ukamwambia aeleze, mara nyingi hatafika hata mlangoni mwa kisa chenyewe. Tiba ya sanaa na ushauri nasaha viende pamoja: mikono ianze, mdomo ufuate, na mnasihi, yaani mtoa ushauri, awe yule yule mwanzo hadi mwisho.

Tuanze na hilo la mdomo, maana ndilo linalonikera zaidi. Mzee kavuka mpaka, kaingia chumbani, kakuta faili na kalamu. "Mzee wangu, hebu tueleze kilichotokea." Mzee anaangalia viatu vyake. Pembeni yake niko mimi, wa rika la wajukuu zake, na hajui mimi ni mtoto wa nani wala nitakwenda kusema nini nikitoka pale. Mkalimani ni sikio la pili ambalo hakuliomba. Isitoshe, Kiha cha wenyeji wa hapa na Kirundi vinasikilizana kiasi kwamba hata mlinzi aliyesimama nje ya turubai anafuata kila neno. Ng'ambo ya mpaka wana msemo kwamba machozi ya mwanaume hutiririkia tumboni. Utamtarajia huyo azungumze nini katika dakika arobaini?

Na si suala la mila tu. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani, Scott Rauch na Bessel van der Kolk wakiwamo, walichapisha utafiti wa watu wenye kiwewe waliosikilizishwa masimulizi ya mikasa yao wenyewe huku ubongo wao ukipigwa picha. Sehemu iitwayo Broca, inayotusaidia kutamka maneno, ilipunguza kazi. Sehemu zinazohusika na kuona zikachangamka. Walikuwa watu 8 tu, kwa hiyo tusiujengee ghorofa. Lakini yeyote aliyewahi kukaa chumbani na mtu wa namna hiyo atautambua: anaona kila kitu, hawezi kusema kitu.

Ndiyo maana penseli, udongo au kitambaa huingia mahali ambapo swali limegonga mwamba. Mtu anayechora haulizwi "kwa nini" wala "lini". Anaweza kuikunja karatasi, kuifunika, kusema tutaendelea siku nyingine. Halafu akishakuwa tayari, anaanza kumzungumzia yule mtu aliye kwenye karatasi: huyu anaogopa, huyu kajificha nyuma ya mti. Siku moja "huyu" anageuka "mimi", na hapo mnasihi anapaswa kuwapo, akiwa amefunzwa, kwa sababu asipokuwapo mtu amefunguliwa kidonda na kurudishwa nyumbani.

Nitasimulia kisa kimoja, nikiwa nimebadilisha vya kubadilishwa. Mama mmoja wa makamo alikuja mara kadhaa bila kusema zaidi ya salamu. Mnasihi akaleta udongo wa mfinyanzi. Mama akafinyanga chungu, haraka, kwa mikono ya mtu anayeijua kazi, kisha akabonyeza mdomo wake ukapinda. Mimi ningeuliza kwa nini kaupinda. Mnasihi hakuuliza hivyo.

"Mama, chungu hiki ni cha kupikia nini?"

"Maharage."

"Ya watu wangapi?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole, akafika mahali akasimama. Kisha akataja majina, moja moja, na mimi nikayarudia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo kazi niliyolipwa kufanya. Yaliyofuata yalichukua muda mrefu, na mengine hayakuisha. Ninachosema ni kwamba bila lile swali la pili, chungu kingekaushwa, kikapangwa kwenye meza ya maonesho, na mtu angekinunua.

Wapo Wajerumani wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert, walioitengeneza tiba inayolikaribia sana jambo hili, ingawa wao hawaiiti tiba ya sanaa. Mtu hutandaza kamba sakafuni, ndiyo maisha yake. Palipo na furaha anaweka ua. Palipo na mkasa anaweka jiwe. Baada ya hapo ndipo anasimulia kwa mfuatano tangu kuzaliwa, mnasihi anaandika, kikao kinachofuata anamsomea naye anasahihisha. Waliijaribu kwa wakimbizi 43 wa Sudan katika makazi ya Imvepi, Uganda, wakachapisha matokeo mwaka 2004: baada ya mwaka mmoja, asilimia 29 ya waliopata tiba hiyo ndio waliokuwa bado na kiwewe cha kiwango cha ugonjwa, dhidi ya asilimia 79 ya waliopata ushauri nasaha wa kawaida. Kamba, kokoto na maua ya porini. Kigoma vitu hivyo tunavikanyaga.

Nisieleweke vibaya: ushahidi wa tiba ya sanaa ikiwa peke yake bado ni mwembamba kuliko wa tiba za mazungumzo zinazolenga kiwewe chenyewe. Anayekuambia kuchora kutamponya mtoto wako anauza kitu. Ila na yule anayekimbilia kumhoji mtu siku ya pili baada ya mkasa, kikao kimoja akaondoka, Shirika la Afya Duniani lilishashauri mwaka 2013 kwamba hilo lisifanywe.

Kuna jambo la vifaa ambalo wapangaji wa miradi hawalioni. Mvuvi wa Kibirizi aliyeporwa mashine ya boti na majambazi wenye silaha katikati ya ziwa hatashika kalamu za rangi. Ataona umemfanya mtoto. Mpe kipande cha mti achonge mtumbwi. Wanawake wengi watasuka au watashona huku wakiongea, na maneno hutoka vizuri macho yakiwa kwenye sindano. Wenzetu wa Ulyankulu, kule Tabora, waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972, walijengewa makazi yao wakajenga na kwaya zilizovuma nchi nzima. Sina shaka kwamba kuimba kuliwashikilia wengi. Lakini kwaya hubeba huzuni ya wote kwa pamoja. Haimuulizi mmoja wao kama jana usiku alilala.

Nirudi kwenye zile picha za ukutani, na nani mwenye kuzimiliki. Friedl Dicker-Brandeis, mchoraji wa Kiyahudi kutoka Vienna, alifundisha watoto kuchora ndani ya geto la Terezín, mji wa Ucheki ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi, kuanzia mwishoni mwa 1942, na alisisitiza kila mtoto aandike jina lake kwenye kazi yake. Oktoba 1944 alipelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, akauawa. Aliacha masanduku mawili yenye michoro ipatayo 4,500, ambayo leo imehifadhiwa Prague. Mwanafunzi wake, Edith Kramer, aliyekuwa ameshakimbilia Marekani, akawa mmoja wa walioijenga tiba ya sanaa kuwa taaluma. Leo usiri unatulazimu kuficha jina la mtoto wa kambini, na ni sawa. Kinachonishinda kuelewa ni jina kufichwa wakati mchoro unazungushwa. Kama hatutaki ajulikane, basi arudishiwe mchoro wake, au uhifadhiwe kwenye faili lake lililofungwa, na kuta za ofisi zipakwe chokaa.

Boksi la penseli za rangi halina bei ya kutisha pale Mwanga sokoni. Mnasihi huchukua miaka kufunzwa, anahitaji mshahara, anahitaji naye mtu wa kumsikiliza, na semina ya siku mbili hotelini haimtengenezi. Maafisa ustawi wa jamii tulio nao wana kesi za ndoa, za matunzo ya watoto, za wazee, na bado tunawatupia na hili. Kwa hiyo mradi mwingine ukija na vifaa vya kuchora, wajumbe wa kamati inayoupokea waombe waoneshwe bajeti kabla ya kupokea boksi, watafute mstari wa mnasihi, na waulize amelipiwa kwa miezi mingapi.