Urafiki wenye kamera katikati

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye kibanda cha video kule Nsambya, Kampala, nikisubiri mechi. Mwenye kibanda, ili tusitawanyike, akatuwekea filamu ya hali halisi: mzee mmoja na mtu aliyewahi kumvamia na kuswaga ng'ombe wake, sasa wameketi benchi moja wanakula muhogo. Wakakumbatiana, kinanda kikalia taratibu, ikaisha. Watu wakapiga makofi. Mama wa Kikongomani anayeuza karanga mlangoni akauliza kwa sauti: "Na wale ng'ombe, alilipa?"

Hakuna aliyemjibu, maana filamu yenyewe haikusema.

Filamu za urafiki usiotarajiwa zimejaa siku hizi: adui na adui, mkimbizi na mwenyeji, mzungu na mtoto wa kijijini. Wanaozitetea wana hoja, tena nzito. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na ukiisoma hesabu hiyo gazetini unafunua ukurasa unaofuata. Ukimwona mama mkimbizi wa makazi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, na jirani yake Mnyankole wakigombania zamu ya maji asubuhi, kisha jioni mmoja anamshikia mwenzake mtoto, hesabu inapata sura. Filamu ya War/Dance ya mwaka 2007, iliyofuata watoto wa Patongo, kambi ya waliokimbia vita kaskazini mwa Uganda, hadi mashindano ya muziki Kampala, ina kijana mpiga marimba anayekaa uso kwa uso na kamanda wa waasi aliyekamatwa na kumuuliza kwa nini wanateka watoto. Mtoto anauliza, mtu mzima anatafuta maneno. Sijui hotuba ya mwanasiasa yeyote iliyowahi kunifikisha pale.

Lakini kuna filamu ya Kony 2012, na hiyo haipitwi haraka.

Wengi wanaikumbuka kama kampeni ya kumkamata Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA waliokuwa wakiteka watoto kaskazini mwa Uganda. Ukiitazama upya, imejengwa juu ya urafiki: Jason Russell, Mmarekani aliyeitengeneza, anakutana na Jacob, kijana wa kaskazini ambaye kaka yake aliuawa na waasi, na anamwahidi kwamba watawakomesha. Bila Jacob akilia gizani, filamu ile haisimami. Ilitoka tarehe 5 Machi 2012, na ndani ya wiki moja ilikuwa imetazamwa mara milioni 100. Siku chache baadaye ikaonyeshwa hadharani mjini Lira, kaskazini mwa Uganda, kwa watu ambao vita ile iliwapitia miilini. Wakaja kwa maelfu. Walichokuta ni Mmarekani na mwanawe mdogo, na jina la Kony likichapwa kwenye fulana na bangili, na kuhusu maisha yao wenyewe karibu hakuna kitu. Waasi walikuwa wameshaondoka Uganda tangu 2006. Shida ya Lira wakati ule ilikuwa majeraha yasiyotibiwa na watoto wasio na ada. Hasira ikapanda, mawe yakarushwa, maonyesho mengine yakasitishwa.

Na bado Jacob mwenyewe aliitetea filamu hadharani. Hapa ndipo wakosoaji wengi, nikiwamo mimi, tunapojikwaa: tunasema kijana alitumiwa, yeye anasema hapana, na sisi tunaendelea kusema kwa niaba yake, kama tulivyomlaumu Russell kufanya. Naamini urafiki wao ulikuwa wa kweli. Ila urafiki wa wawili ulipewa kazi ya kusimama mahali pa historia ya watu karibu milioni mbili waliokuwa wamesongamana makambini, na mzigo huo hakuna urafiki unaouweza.

Waacholi wa kaskazini wana mato oput, ibada ya kupatanisha koo baada ya mauaji, yaani kunywa mzizi mchungu wa oput. Mwenye kamera huvutiwa na dakika zile za kibuyu: watu wa koo mbili wamepiga magoti, mikono nyuma, wanainamia kibuyu kimoja. Picha nzuri, sikatai. Lakini kabla ya hapo ukoo uliotenda umekiri, wazee wamekwenda na kurudi, fidia imebishaniwa, imepangwa, imekusanywa, na hilo laweza kula miezi, hata miaka. Upatanisho unafanyika mle kwenye ubishi wa fidia. Kibuyu ni muhuri. Filamu nyingi hutuonyesha muhuri bila barua.

Mtengenezaji wa filamu ataniuliza: nani atakaa dakika arobaini kuangalia wazee wakibishana juu ya mbuzi? Huyo hajawahi kuhudhuria kesi ya mpaka wa shamba mbele ya mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji. Watu huacha sufuria jikoni.

Kwa hiyo sisemi filamu hizi zikome. Nikipima pande zote mbili, naona mizani inalalia kwenye jambo moja la kazi tu: nani anaiona kwanza. Ikionyeshwa kijijini ilipopigwa wakati mhariri bado ana nafasi ya kukata na kuongeza, mama wa karanga atauliza habari za ng'ombe, na mtu atalazimika kurudi na kamera kumtafutia jibu. Lira waliiona ya kwao ilipokuwa imeshatazamwa mara milioni 100.