Mchezaji mpya wa gofu Mtwara: anunue jina au anunue fimbo?

Muulize mchezaji wa siku nyingi mtu aanze na fimbo gani, utamwagiwa majina ya kampuni kabla hujamaliza swali: Titleist, Callaway, TaylorMade, Ping, Mizuno. Wa Dar es Salaam ana nafuu. Anakwenda kwenye viwanja vya gofu vya Lugalo au Gymkhana, anaazima, anapiga, ndipo anaamua. Wa Mtwara au Lindi mara nyingi anachagua kwa picha za kwenye simu, mzigo unakuja na basi, na fimbo zikimkataa kuzirudisha ni shughuli nyingine.

Wanaotetea majina makubwa hawatetei maringo tu. Karsten Solheim, injinia aliyeanzisha Ping huko Marekani mwaka 1959, alisogeza uzito wa kichwa cha fimbo kwenda kingoni ili mpira uliogongwa pembeni usipotee sana. Anayejifunza anagonga pembeni kutwa nzima, kwa hiyo ubunifu ule ni wake hasa. Ila leo karibu kila kampuni inafanya hivyo, hata kwenye seti za bei ya chini, na hoja hiyo imepungua makali. Jina limebaki na nguvu sokoni. Fimbo ya Callaway ukiichoka unaiuza. Isiyojulikana utamwachia mpwa wako aangulie maembe.

Upande wa pili, jina ndilo linaloghushiwa. Hakuna anayehangaika kughushi fimbo isiyo na jina. Pia matoleo mapya yanafuatana haraka, na mtu ambaye bado anachimba nyasi hawezi kuhisi tofauti ya fimbo ya mwaka huu na ya miaka saba iliyopita. Nike iliacha kutengeneza fimbo mwaka 2016, lakini zilizobaki mikononi mwa watu bado zinapiga.

Kuna jambo mabishano ya majina hayaligusi: chumvi. Wa Shangani au Mikindani, huku Mtwara, anajua upepo wa bahari unavyokula mabati na bawaba. Fimbo za kufuliwa kama mhunzi afuavyo chuma, zile zilizoipa Mizuno heshima yake, kwa kawaida ni chuma laini cha kaboni kilichopakwa kromu. Kromu ikichubuka, kutu inaingia. Fimbo nyingi za wanaoanza ni chuma cha pua kilichomiminwa kwenye kalibu, nacho kinavumilia zaidi. Huku kwetu, basi, anayelipa zaidi anaweza kuwa ndiye anayenunua kutu mapema.

Mimi naegemea kwenye jina, lakini toleo la zamani lililotumika, la chuma cha pua. Muuzaji akituma picha, omba za karibu. Tazama mifereji kwenye uso wa fimbo namba 7 kama haijalika. Tazama shingoni, penye pete nyeusi ya plastiki: ikiwa imepanda na kuacha uwazi, uliza kama kichwa kiliwahi kung'oka kikagundishwa. Halafu soma herufi kwenye mpini. R ni ugumu wa kawaida, S ni mgumu zaidi, na vijana wengi hukimbilia S kwa sababu ya misuli tu. Mshikio uliokauka usikutishe, unabadilishwa. Sheria inaruhusu fimbo 14. Anayeanza zinamtosha saba au nane.

Mipira haina mjadala. Wa bei rahisi na Pro V1, ule wa bei ghali wa Titleist, yote inabanwa na sheria ileile, uzito usiozidi gramu 45.93, na yote inapotea vilevile chini ya mikorosho.

Seti mpya ya jina kubwa naielewa kwa aliyekwisha kupimwa urefu na mwendo wa mkono wake, na nauli ya kwenda kupimwa iingie kwenye hesabu. Anayetumia mkono wa kushoto ushauri wangu haumsaidii sana. Fimbo zake zilizotumika ni adimu, na seti mpya ya kampuni ya kawaida, iliyofungwa pamoja na begi lake, huenda ikawa ndiyo njia yake fupi.