Mishale Imechorwa na Nani?

Juzi hapa Lamu nilimtazama mvulana wa Gredi ya 5 akicheza bao na mwenzake. Zamu yake ilipofika aliinamia ubao, kidole kimesimama juu ya shimo moja, midomo ikihesabu bila sauti. Alikaa hivyo karibu dakika nzima. Kisha akachota, akazungusha kete, akala.

Kwenye fomu ningemwandikia nini? Mtaala wa umilisi unataka niseme anazidi matarajio, anayafikia, anayakaribia au yuko chini yake. Sababu ya yeye kukawia haina mahali pake.

Ndiyo maana nawaelewa wanaotaka michezo ya kielimu ipimwe kwa ramani tambuzi za fazi, wazo alilolitoa mtafiti Bart Kosko mwaka 1986. Unaandika mambo yanayohusiana, mathalani subira, kuhesabu mbele, kujiamini, kisha unayaunganisha kwa mishale. Kila mshale una uzito kati ya -1 na 1: hasi hupunguza, chanya huongeza. Kompyuta hupewa alichofanya mtoto, ikapiga hesabu tena na tena mpaka namba zitulie. Ndiyo maana ya fazi: mtoto anaweza kujua kwa 0.6, si kujua au kutojua tu. Mishale pia yaweza kurudi ilikotoka: kujiamini huzaa kujaribu, na kujaribu huzaa kujiamini. Mwalimu yeyote amekwisha kuliona hilo darasani, lakini jumla ya alama hulificha.

Hapo nimeshawishika kabisa. Kinachonikwaza ni huo uzito. Anayechora akiamini kuwa kuchelewa ni dalili ya kuchanganyikiwa, ataweka -0.7 kwenye mshale unaotoka kwenye kuchelewa, na yule mvulana ataonekana dhaifu kwa dakika ileile aliyokuwa akifikiri. Namba itaonekana imetoka kwa mashine, kumbe ni maoni ya mtu. Ziko njia za kurekebisha uzito kwa data, ila darasa moja la kisiwani halina rekodi za kutosha.

Lakini ramani za watu kadhaa huweza kujumlishwa zikawa moja. Basi waiteni walimu wa hesabu pamoja na wazee wanaocheza bao barazani alasiri, kila mmoja achore yake. Kwa sasa ramani hiyo ibaki kwenye daftari la mwalimu, isiingie kwenye ripoti. Mama wa mvulana akisoma 0.4, atamwuliza nani kuhusu ule mshale?