Rula na daftari la oda: je, mwanafunzi wa mitindo anapotezewa muda?

Vyuo vikifunga, malalamiko huwa yaleyale katika karakana za ushonaji hapa Kampala. Binti anayesomea mitindo amekuja kwa mafunzo ya vitendo, miezi miwili hivi, akitarajia kubuni magauni. Siku ya tatu anakabidhiwa rula, karatasi ya pateni, yaani kielelezo cha kukatia kitambaa, na daftari la oda. Kazi yake ni kupandisha na kushusha saizi, yaani kutoa saizi kubwa na ndogo kutoka kwenye pateni moja, kuingiza vipimo kwenye kompyuta na kuhesabu majora ya vitambaa. Akifika nyumbani anamwambia mama yake, "Wamenifanya karani."

Wanaomtetea wana hoja. Wengi wa wanafunzi hawa hawalipwi, nauli ya teksi na boda wanajitafutia wenyewe, na wapo wenye karakana wanaowapokea ili waokoe mshahara wa mtu mmoja. Huo ni unyonyaji, sitaupaka rangi. Tena zipo programu za kompyuta, kama za kampuni za Gerber na Lectra, zinazomaliza saizi zote kwa dakika chache. Ya nini basi kukodolea macho rula kutwa nzima?

Ila kazi yenyewe, nadhani, inasingiziwa.

Fundi wetu wa mtaani hajaihitaji sana. Anampima mteja aliyesimama mbele yake, anakata, anashona. Gomesi, vazi la heshima la wanawake wa hapa Uganda, nalo linasamehe mengi: ni pana, na mshipi ndio unaolishika mwilini. Lakini shati la kumuuzia mtu usiyemjua lina hesabu nyingine. Chukua pateni ya saizi 12, tuseme kila saizi inaongeza sentimita 4 kifuani. Mbele kuna robo mbili, nyuma mbili, kwa hiyo kila robo inapata sentimita 1. Bega halipati kiasi hicho, wala shingo, maana mtu akinenepa mifupa ya mabega haimfuati. Sasa mwanafunzi apunje milimita 2 tu kwenye kila robo. Saizi inayofuata, 14, inapungua milimita 8, na huenda asigundue mtu. Akirudia kosa hilohilo mpaka saizi 20, hatua nne, kifua kimepungua sentimita 3.2. Kosa lilianza kwenye unene wa sarafu, likaishia kwa mama aliyevaa shati jipya kwenda harusini na vifungo vikaachia. Huyo hatauliza nani alishika rula. Atasema nguo zinazoshonwa hapa hazifai, na wikendi ijayo yuko Owino, soko la mitumba.

Na huko Owino ndiko ushindani ulipo. Agosti 2023, Rais Museveni alitangaza akiwa Mbale kwamba uagizaji wa mitumba upigwe marufuku, na mjadala ukawa wa kodi, ajira na viwanda. Sikusikia sana habari ya lebo. Shati la mtumba lina namba shingoni. Mnunuzi aliyewahi kuvaa 14 ya Uingereza anaitafuta 14 nyingine akiwa na matumaini kwamba itamkaa. Namba hiyo ni kazi ya mtu aliyekaa na rula, au aliyeipa kompyuta kanuni sahihi. Programu haijui kwapa. Ukiipa kanuni mbovu, inaharibu saizi zote kabla chai haijapoa.

Ukarani nao ni hivyohivyo. Oda ya sare za shule ya msingi ina watoto wa darasa la kwanza hadi la saba, na watoto hurefuka kuliko wanavyopanuka. Ukibadilisha kwa bahati mbaya idadi ya saizi mbili kwenye karatasi ya kukatia, mkasi umeshapita. Kitambaa kilichokatwa kidogo hakirudi kuwa kikubwa.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema wanafunzi waondolewe kwenye rula. Nakubaliana nao kuhusu nauli. Karakana inayoingiza pesa kwa jasho la mtu haishindwi kumpa ya kumfikisha kazini. Na ningeongeza sharti moja ambalo sijaona likitajwa: pateni aliyoipandisha mwanafunzi ishonwe, hata kwa kitambaa cha bei rahisi, ivalishwe mtu wa saizi hiyo, naye awepo aone mkono unavuta wapi. Karakana isiyomfikisha hapo imemtumia tu, hata kama ilimruhusu kuchora magauni kumi.