Usiuoshe Ukoko wa Nyama

Mtu aliyekulia katika nyumba ya kupalia wali makaa anajua kwamba ukoko hautupwi. Watoto huusubiri, wakubwa huuomba kwa macho, na mpishi mwenye upendeleo humfichia ampendaye kipande kilichoiva vizuri pembeni mwa sufuria. Ndiyo maana huumia ninapomwona mtu wa nyumba kama hiyo akikaanga steki nzuri, akaitoa nyama, kisha akakipeleka kikaango kwenye sinki na kukisugua hadi king'ae, huku sufuria ya pili ikitokota makaroni ambayo maji yake nayo yatamwagwa. Kwa maoni yangu, mtu huyo amemwaga vitu viwili vyenye thamani kuliko pakiti ya krimu atakayoifungua baadaye: ukoko wa nyama na maji yenye wanga. Makaroni ya steki yenye rojo zito, yanayopikwa yote katika kikaango kimoja, ni chakula cha jioni ya siku ya kazi ninachokitetea kwa moyo wote, na ninakitetea kwanza kwa ladha yake. Uchache wa vyombo vya kuosha ni faida inayokuja nyuma.

Naanza na nyama, kwa kuwa hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Katika bucha zetu za hapa Arusha, steki ni nyama yoyote isiyo na mfupa, kwa hiyo usiposema zaidi unaweza kukatiwa paja linalofaa mchuzi wa saa mbili lakini lisilofaa kabisa kukaangwa kwa dakika chache. Omba sarara, ile nyama ya mgongoni ambayo ng'ombe haitumii sana anapotembea, au fileti kama mfuko unaruhusu. Kwa watu wanne nusu kilo inatosha, kwa sababu nyama hapa haiko peke yake sahanini. Halafu inunue jana yake. Najua ushauri huu unakwenda kinyume na mazoea, maana sisi huisifia nyama kwa kuwa ng'ombe amechinjwa alfajiri ya leo, na kwa supu sifa hiyo haina ubaya. Lakini misuli ya mnyama hukakamaa baada ya kuchinjwa, na ng'ombe huchukua takriban siku nzima kabla ukakamavu huo haujaanza kulegea. Ng'ombe wetu wa asili wenye nundu, waliotembea mbali kutafuta malisho, hawana mafuta mengi ndani ya nyama ya kuficha ugumu huo. Usiku mmoja ndani ya friji, kipande kikiwa kimefunikwa juu ya sahani, hufanya kazi ambayo wengine huitafuta kwenye papai bichi. Papai nalo ni dawa ya kweli, na wachoma mishkaki wanalijua, ila likizidi muda huigeuza nyama kuwa laini ya kumung'unyika, jambo ambalo kwa steki ni hasara.

Kabla ya kukaanga, ikaushe nyama kwa kitambaa safi au karatasi ya jikoni mpaka isiache unyevu kidoleni. Hatua hii inaonekana ndogo, lakini pishi zima limesimama juu yake. Maji yakiwepo juu ya nyama, joto la pale yalipo halipandi juu ya kiwango cha maji kuchemka hadi yote yawe yamekauka, wakati ule ubadilikaji unaotupa rangi ya kahawia na harufu ya nyama choma unahitaji joto la nyuzi 140 hivi na kuendelea. Ni ubadilikaji ulioelezwa mwaka 1912 na mwanakemia Mfaransa Louis Camille Maillard, na unatokea vilevile kwenye mkate uliobanikwa, kwenye kahawa inayokaangwa, na kwenye mishikaki ya kona ya mtaa wako. Kwa hiyo: kikaango kipana cha chuma, chenye kitako kizito, si kile kilichopakwa dawa ya kuzuia chakula kisigande, maana tunataka kigande kidogo. Mafuta vijiko viwili, moto mkali, chumvi juu ya nyama wakati ule ule unapoiweka. Iache. Usiisogeze kwa dakika mbili au tatu. Nyama iliyokwisha kushika rangi hujibandua yenyewe, na inayong'ang'ania bado haijawa tayari. Igeuze, upande wa pili nao uupe muda huo huo, kisha itoe ipumzike kwenye sahani huku ukiendelea na mengine.

Sasa tazama ndani ya kikaango. Pale nyama ilipolala kuna utando wa kahawia, mwembamba, umepasukapasuka kama udongo wa mto uliokauka, na katikati yake mafuta yanatetemeka. Hapa ndipo mkono wa mazoea hutaka kukimbilia sponji. Badala yake punguza moto, tia kijiko cha siagi na kitunguu maji kilichokatwa vipande vidogo, na kitunguu kitakapoanza kutoa maji yake utaona kahawia ile ikianza kupanda kutoka chini na kukipaka rangi. Ongeza punje nne za kitunguu saumu kilichotwangwa na kijiko kikubwa cha nyanya ya kopo, kanga mpaka nyanya ibadilike kutoka nyekundu kuwa ya rangi ya matofali, kisha mimina supu ya mifupa yenye moto, au maji ya moto kama huna supu. Mwiko upite kila sehemu ya kitako. Utausikia ukikwaruza, kisha ukwaruzaji utalainika, kisha hutausikia tena, na maji yaliyoingia meupe yatakuwa yamegeuka mchuzi. Hakuna kiungo cha pakiti kinachoifikia ladha hiyo, na hukuilipia chochote zaidi ya bei ya nyama yako.

Makaroni huingia makavu, moja kwa moja kwenye mchuzi huo. Kwa gramu 300 za makaroni mafupi ninatumia mililita 900 hivi za supu, nikiwa na birika la maji ya moto karibu endapo yatakauka mapema. Tambi ndefu pia zinafaa, ila zinahitaji kikaango kipana sana au kuvunjwa, na mimi sipendi kuzivunja. Kwa kuwa maji ni machache, wanga wote unaotoka kwenye makaroni hubaki mle mle ndani, huvimba kwa joto na kuyashikamanisha mafuta na maji yawe kitu kimoja kinachong'aa. Anayechemsha makaroni katika lita nne za maji na kuyachuja huutupa wanga huo sinkini, halafu anarudi jikoni kutafuta unga wa kuufanya mchuzi uwe mzito. Koroga kila baada ya dakika moja au mbili, hasa mwanzoni, yasije yakashikana. Chumvi iwe kidogo mpaka mwisho, kwa sababu mchuzi unaopungua huzidisha chumvi yake.

Kuna jambo moja ambalo maandishi ya nyuma ya pakiti hayawaambii watu wa nyanda za juu. Nilikulia Tanga, usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 100. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi 95 au zaidi kidogo tu. Tofauti hiyo inatosha kuyafanya makaroni yanayoelezwa kuwa ya dakika 10 yachukue 13 au 14, na mpishi wa Nairobi, aliye juu zaidi, huenda akahitaji muda zaidi ya huo. Nimesikia watu wengi wakilaumu aina ya makaroni, kumbe ni mlima. Kwa hiyo usiifuate saa, ng'ata moja. Likiwa na kiini kigumu kidogo katikati, bado nusu dakika au moja, zima moto ufikirie krimu.

Na krimu yenyewe iwe kidogo. Katika hili najua kwamba nina wapinzani wengi, wakiwemo ndugu zangu. Mililita 100 kwa watu wanne zinatosha kabisa, pamoja na konzi ya jibini ngumu iliyokunwa na pilipili manga iliyosagwa wakati huo huo. Sahani ya fettuccine, zile tambi ndefu bapa, iliyompa umaarufu mwenye mkahawa Alfredo di Lelio mjini Roma mwanzoni mwa karne iliyopita ilikuwa ya siagi na jibini tu. Krimu iliongezewa Marekani, ambako ilienea hadi watu wakadhani ndiyo asili yake. Sitaji jambo hili ili kuwapendelea Waitaliano, kwani krimu naipenda. Nalitaja kwa sababu linathibitisha kwamba uzito wa rojo hutoka kwenye wanga na mafuta yaliyochanganyika vizuri, na kwamba mtu anayemimina pakiti nzima huifunika ladha ya nyama aliyoihangaikia. Wala usiitie krimu ndani ya mchuzi unaochemka kwa nguvu. Ikiwa nyepesi, au ukiwa umetia ndimu, itakatika na kuacha chembechembe nyeupe. Ilinitokea mara ya kwanza nilipowapikia wageni, na hapakuwa na namna ya kuirudisha.

Mama yangu alikuwepo siku nyingine, alipotoka Tanga kuja kututembelea. Alisimama mlangoni mwa jiko akanitazama nikimimina supu juu ya kahawia ile, akaniuliza, "Mwanangu, mbona kikaango hujakiosha?" Nikamwambia, "Mama, huu ndio ukoko wake." Akanyamaza. Nilipofikia krimu na kuzima moto kwanza, akasogea karibu, akauchukua mwiko mkononi mwangu na kuanza kukoroga kwa upande mmoja, polepole, bila kusimama, vile vile anavyokoroga tui zito likiingia kwenye samaki wa kupaka. Kwa miaka yote niliyoishi naye, tui jepesi lilipikia, tui zito likaja mwisho, na ole wake aliyeliacha likachemka bila kukorogwa. Kanuni niliyodhani nimeijifunza kwenye chakula cha kigeni alikuwa nayo mikononi tangu kabla sijazaliwa. Tangu siku hiyo, krimu inapokosekana dukani, ninatumia tui zito la nazi moja, naacha jibini kwa kuwa hazipatani, na kuongeza pilipili manga. Ni chakula kingine, chenye utamu wake, na kwa watu wa pwani huenda ndicho watakachokipenda zaidi.

Nyama hurudi mwisho kabisa, moto ukiwa umezimwa. Ikate vipande vyembamba kwa kukingama nyuzi zake, usiifuate nyuzi, maana ukifuata kila kipande kitakuwa kamba ndefu ya kutafunwa. Maji mekundu yaliyokusanyika kwenye sahani yamwagie ndani ya rojo, yana ladha. Wengi nyumbani kwetu hawali nyama yenye wekundu, na silazimishi mtu. Kwa hao ninaiacha kikaangoni dakika moja zaidi kila upande hapo mwanzoni. Ninachokikataa ni kuirudisha nyama mapema ikachemka pamoja na makaroni kwa robo saa, kwa kuwa sarara haina ule utando wa kulainika kwa kuchemshwa kama alio nao mguu au shingo. Itakauka tu, na bei uliyolipa itakuwa imepotea.

Kuanzia kuwasha jiko hadi kukaa mezani ninatumia dakika 40, na moto ni mmoja tu, jambo ambalo mwenye mtungi mdogo wa gesi atalielewa bila kuelezwa. Mboga ya kijani isikosekane: fungu la mchicha lililokatwakatwa, likiingia dakika moja kabla ya krimu, hunywea na kubaki na rangi yake. Kikibaki chakula, rojo litaganda usiku kwenye friji, kwa hiyo asubuhi tia maziwa vijiko vitatu na ukipashe kwa moto mdogo, ukikoroga. Kwetu hakibaki mara nyingi. Mtoto wa mwisho amekwisha kujua kwamba pembeni mwa kikaango, pale rojo liliposhikana na chuma, kuna mstari wa kahawia usiofikiwa na upawa, naye huja na kipande cha mkate kabla sijakitia maji.