Filamu ya ndoa si lazima iishie kwenye fumanizi

Filamu zetu nyingi za ndoa zenye harufu ya usaliti hufika palepale: mlango unasukumwa, mchepuko anakurupuka kitandani, na mtazamaji anajua nani alikuwa anadanganya. Wapo wanaosema bila fumanizi tumedhulumiwa. Mimi naona fumanizi ndilo linaloidhulumu hadithi.

Tazama maisha ya Nyanda za Juu Kusini. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam inapita Iringa, Mafinga, Makambako na Mbeya hadi Tunduma, mpakani na Zambia, na kandokando yake zimo nyumba zinazoishi kwa mshahara wa dereva wa lori au utingo. Foleni ya mpakani inaweza kula siku kadhaa. Mke aliyebaki Mwanjelwa, jijini Mbeya, anaambiwa "bado niko foleni", kisha simu inazimwa. Hana pa kuuliza. Mume naye akiwa kule hajui nani anabisha hodi nyumbani kwake. Shaka ya namna hiyo inatosha kubeba filamu nzima, maana inabadilisha jinsi watu wanavyosalimiana, wanavyokula na wanavyolala. Fumanizi likishatokea, kinachobaki ni kugawa adhabu tu.

Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haina haraka hiyo. Ugoni unahesabiwa kuwa ushahidi mmojawapo, lakini mahakama haitoi talaka mpaka iridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Na kabla ya mahakama, kwa kawaida mgogoro hupelekwa baraza la usuluhishi la ndoa. Hebu fikiria onyesho hilo: mume na mke mbele ya wazee, kila mmoja akibanwa aseme alichokiona yeye, siyo alichosikia sokoni. Waandishi wetu hulipita na kutuletea vipigo, wakati kifungu cha 66 cha sheria hiyohiyo kinakataza mwanandoa kumwadhibu mwenzake kwa kipigo.

Wanaotaka jibu la wazi, hata hivyo, wana hoja moja inayoniuma. Shaka ikiachwa hewani haiwaangukii wawili hao kwa uzito mmoja. Mume anayeshukiwa huonekana mwanaume kama wengine. Mke anayeshukiwa hutoka na doa hata kama hakuna picha iliyomwonyesha akikosea, kwa sababu mtazamaji humalizia hadithi kwa mazoea aliyokuja nayo. Kwa hiyo nakubali: anayeshukiwa akiwa mke asiye na hatia, mwongozaji amsafishe waziwazi. Akiwa mume, tuachwe na swali letu.

Ila kumsafisha kusigeuzwe njia ya mkato ya kuwapatanisha. Mwanamke aliyepigwa kwa kosa ambalo hakulitenda, kisha dakika ya mwisho anakumbatiwa huku wimbo ukipigwa, bado hajatendewa haki. Apewe onyesho lake la kusema kama anarudi au harudi, na akisema harudi, filamu imheshimu.