Ukienda Japani, chagua kitabu kwa kituo utakachoshukia

Vitabu vinavyojigamba kuwaeleza Wajapani wote kwa mpigo ndivyo vinavyomharibia msafiri safari. Chukua Bushido cha Nitobe Inazo, kinachoeleza maadili ya samurai, wapiganaji wa zamani wa Japani, kilichotoka mwaka 1900. Nitobe alikiandikia Marekani, kwa Kiingereza, kwa ajili ya wasomaji wa nje, zaidi ya miaka 20 baada ya serikali ya Meiji kuwakataza samurai kubeba panga hadharani mwaka 1876. Ni kazi ya mtu anayelitetea taifa lake mbele ya wageni, na kwa hilo ina thamani yake. Ila ukishuka nacho Osaka ukimtafuta samurai ndani ya kila karani wa benki, utawasoma watu vibaya tangu siku ya kwanza. The Chrysanthemum and the Sword cha Ruth Benedict, cha mwaka 1946, kilitokana na utafiti uliofanywa kwa serikali ya Marekani wakati wa vita, na mwandishi wake hakuwahi kukanyaga Japani. Anayechunguza historia ya mawazo avisome vyote viwili. Msafiri aviache nyumbani.

Njia iliyo bora ni kuandika kwanza majina ya miji utakayolala, kisha utafute kitabu kilichozaliwa katika mmoja wa miji hiyo. Viwili vinatosha kwa safari ya wiki mbili, pamoja na kimoja cha mwongozo. Vikizidi hapo utavibeba tu bila kuvisoma, maana jioni miguu inauma na usingizi unakuja mapema.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Yukiguni cha Kawabata Yasunari, kinachouzwa kwa Kiingereza kama Snow Country. Kinaanza na treni ikitoka kwenye handaki refu na kuingia nchi ya theluji. Handaki hilo lipo: ni la Shimizu, lenye urefu wa karibu kilomita 9.7, lililofunguliwa mwaka 1931 kupitia milima kati ya mikoa ya Gunma na Niigata. Mji wa chemchemi za maji moto anaofikia mhusika mkuu ni Yuzawa, na nyumba ya wageni ya Takahan, alikokaa mwandishi, bado inapokea wageni na imehifadhi chumba chake. Sasa angalia wasafiri wanapokosea. Wanakata tiketi ya Shinkansen, treni ya kasi, hadi Echigo-Yuzawa, kituo cha mji huo, wanapita gizani, wanapiga picha, wakiamini ndilo handaki la kitabuni. Shinkansen ina handaki lake, Daishimizu. Hata treni ya kawaida haikusaidii ukitoka upande wa Tokyo, kwa sababu tangu mwaka 1967 treni zinazoelekea Niigata hupita handaki jingine, Shin-Shimizu, na lile la zamani limeachiwa zinazorudi Tokyo. Kwa hiyo panda treni ya kawaida wakati wa kurudi, kutoka Echigo-Yuzawa hadi Minakami, na uangalie ratiba mapema kwani ni chache sana kwa siku. Ukienda kwa treni ya kawaida, shuka kituo cha Doai: jukwaa la treni za kwenda Niigata liko ndani kabisa ya handaki, na kulitoka ni kupanda ngazi 462 za mfululizo, kisha nyingine 24 hadi mlangoni. Hakuna lifti. Na nenda Januari au Februari. Agosti ni milima ya kijani tu na kitabu hakitakuambia kitu.

Kwa anayekwenda Matsuyama, kisiwani Shikoku, kitabu ni Botchan cha Natsume Soseki, cha mwaka 1906. Ni chembamba, unakimaliza kwa siku mbili. Msimulizi, huyo Botchan, ni mwalimu kijana kutoka Tokyo anayeukejeli mji karibu kila ukurasa, kwa hiyo usikichukue kama picha ya wenyeji. Wenyeji wenyewe wamekisamehe na kukifanya chao: katika bafu la Dogo Onsen Honkan, jengo la mwaka 1894 lililofunguliwa tena lote Julai 2024 baada ya ukarabati mrefu, kuna kibao kinachomkataza Botchan kuogelea, kama anavyokatazwa kitabuni.

Hadithi ya Genji ya Murasaki Shikibu, riwaya ya kale kuhusu mwana wa mfalme aitwaye Genji, huwatisha watu kwa sura zake 54, na ni halali yao kuogopa. Kwa msafiri wa Kyoto nasema hivi: soma sura ya 45 hadi 54. Genji ameshakufa, wahusika ni wengine, na mambo mengi yanatokea Uji, chini ya nusu saa kwa treni kutoka Kyoto. Huko utaona mto na hekalu la Byodoin, ambalo ukumbi wake wa mwaka 1053 umechorwa kwenye sarafu ya yeni 10. Hapa chagua mfasiri kwa makini. Toleo la bure mtandaoni la Suematsu, la mwaka 1882, linaishia sura ya 17, yaani hutafika Uji kamwe. Arthur Waley aliiruka sura ya 38 nzima. La Seidensticker la mwaka 1976 ni jepesi kufuata. La Royall Tyler la mwaka 2001 huwaita watu kwa vyeo vyao, na vyeo hubadilika, lakini kila sura inaanza na orodha ya wahusika. Mwenye subira achukue la Tyler.

Kuhusu geisha, wanawake wasanii wanaotumbuiza wageni kwa ngoma na muziki, Memoirs of a Geisha ni riwaya ya mwanaume wa Kimarekani, ya mwaka 1997. Iwasaki Mineko, geisha wa zamani aliyehojiwa kwa ajili yake, alimshtaki mwandishi, kisha akatoa simulizi ya maisha yake mwenyewe mwaka 2002. Soma ya Iwasaki. Utaelewa kwa nini wakazi wa Gion, mtaa wa geisha mjini Kyoto, walichoka kufukuziwa wanawake kwa kamera, hadi mwaka 2024 wakafunga vichochoro vya binafsi kwa wageni na kutangaza faini ya yeni 10,000.

Kwa Hiroshima, juzuu la kwanza la katuni ya Nakazawa Keiji, Barefoot Gen, linatosha. Nakazawa alinusurika akiwa na miaka 6, na juzuu hilo linaishia siku ya bomu. Lisome kabla ya safari. Kulisoma hotelini baada ya kutoka makumbusho ni mzigo mzito mno kwa siku moja.

Kitabu cha mwongozo kipime kwa dakika moja kabla ya kulipa, hasa kama ni cha mtumba. Fungua ukurasa wa usafiri utafute bei ya pasi ya reli ya siku 7. Ikiwa yeni 29,650, kirudishe: Oktoba 2023 ilipanda hadi yeni 50,000, na mwongozo wa zamani utakushauri ununue pasi ambayo safari ya Tokyo na Kyoto, kwenda na kurudi, hairudishi gharama yake. Kodi ya mauzo ikiandikwa asilimia 8 kwa kila kitu, ni cha kabla ya Oktoba 2019. Nunua chenye ramani za karatasi, kwani kwenye simu ramani za vitabu hazisomeki.

Acha nafasi begini kwa kitabu kimoja cha kununua hukohuko: goshuincho, daftari la kukunjwa ambamo mahekalu hukuandikia jina lao kwa brashi na kupiga muhuri mwekundu. Kwa kawaida mwandiko mmoja ni yeni 300 hadi 500, ulipe kwa sarafu. Usipeleke daftari la kawaida, wengi watakataa. Vitabu vilivyotumika vitafute mtaa wa Jimbocho, Tokyo, ila usiende Jumapili, maana maduka mengi ya zamani hufungwa.